Choo kinachonuka kwa bamvua: kisa cha karavani ya Jambiani

Karavani yenyewe, yaani nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, ni ya Marekani, ya miaka ya 1970, ganda la alumini, ndani ina kitanda, jiko dogo na choo. Imepita mikono mingi mpaka kufika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na sasa haiendi popote. Magurudumu yameng'olewa, imekalishwa juu ya matofali chini ya minazi, inakodishwa kama chumba cha wageni. Wageni wanaipenda. Wanaipiga picha, wanaisifu, kisha wanaongeza mstari mmoja kuhusu choo.

Mwenye eneo alituita na malalamiko matatu. Choo kinanuka. Sakafu nyuma ya choo imelainika, ukiikanyaga inabonyea. Na mara kwa mara kinaziba, maji yanapanda kwenye bakuli badala ya kushuka. Mafundi walishapita kabla yetu, na kila mmoja alishughulikia lalamiko lake. Mmoja alimimina saruji kuzunguka kitako cha choo. Mwingine alibadilisha mpira wa maji. Mwingine alizibua kwa kusukuma kipande cha nondo kutoka juu. Fedha zilitoka kila mara, na kila mara choo kilitulia kidogo kisha kikarudia yale yale.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mafundi bomba wengi wa Unguja, hata walio hodari, hawajawahi kukifungua choo cha namna hii. Ukikiendea kwa mazoea ya choo cha nyumba utakiharibu huku ukidhani unakitengeneza.

Choo kisicho na shingo

Choo cha kukaa cha nyumbani kina shingo iliyopinda chini ya bakuli, na maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu ya karo, yaani shimo la maji machafu, isipande. Cha karavani hakina. Chini ya bakuli pana kifuniko kinachofunguka ukikanyaga pedeli na kujifunga ukiiachia, na kinapojifunga kinagandama kwenye mpira mwembamba wa duara. Juu yake hutakiwa yabaki maji ya kina cha vidole viwili hivi, na hayo ndiyo kizuizi pekee cha harufu. Mpira ukikauka au ukiota chokaa, maji hayakai, na baina ya pua ya mgeni na tangi hapabaki kitu.

Tangi lenyewe liko chini ya sakafu. Hili lilikuwa la lita 70 hivi. Lina bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, na tundu la kutolea uchafu la inchi 3 lenye valvu ya kuvuta, yaani kibapa kinachoteleza katikati ya mipira miwili. Karavani inapokuwa safarini valvu hukaa imefungwa. Ikifika pahala pa kumwagia, mtu huunga mpira mnene, huvuta mkono wa valvu, na tangi zima humwagika kwa kishindo.

Kishindo hicho ndicho kinachosafisha tangi. Uchafu mzito hutoka kwa kubebwa na maji mengi yanayokwenda kwa pamoja. Valvu ikiachwa wazi, maji hutiririka kidogo kidogo kila choo kinapotumiwa na kuuacha uchafu nyuma. Unabaki pale pale ulipoangukia, chini ya bakuli, unakauka, unajijenga kama kichuguu mpaka unagusa kifuniko. Hapo ndipo maji yanapoanza kupanda.

Valvu ya Jambiani ilikuwa wazi tangu karavani ilipokalishwa. Aliyeunga bomba kutoka kwenye tangi hadi kwenye karo aliivuta, kisha akaukata mkono wake kwa msumeno ili asitokee mtu akaifunga kwa bahati mbaya. Kwa hesabu ya nyumba hakukosea, maana ni nani anayeweka koki kwenye bomba la choo? Lakini kwa mkato ule mmoja aligeuza tangi kuwa bomba, na tangi halijui kuwa bomba. Halina mteremko wala shingo, na sehemu ya chini ni bapa.

Harufu inayofuata bahari

Sababu ya kuziba tuliijua mapema. Kilichotusumbua ni harufu, kwa sababu siku tuliyofika haikuwepo. Msimamizi, mpwa wa mwenye eneo, aliona haya: "Wallahi fundi, mkija nyinyi hakinuki. Mkishaondoka tu, wageni wananigongea mlango."

Alikuwapo mzee anayeangalia bustani. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kufagia makuti. Baadaye akasema bila kuulizwa: "Hicho kinakwenda na bahari. Siku za maji mafu hakina neno. Bamvua likiingia mtakikimbia."

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida; maji mafu ni kinyume chake. Mtu wa mjini angeyachukulia maneno hayo kuwa masihara. Kwa pwani ya mashariki yana mantiki kamili. Ardhi ya huko ni jiwe la matumbawe, lina matundu na nyufa, na maji hulipenya. Visima vya karibu na ufukwe hupanda na kushuka pamoja na bahari, na ndiyo sababu vingi vina ladha ya chumvi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni ndogo sana. Sasa angalia karo la pale. Limejengwa matofali pembeni, chini liko wazi, na halipo mbali na ufukwe. Bahari ikijaa, maji ya ardhini hupanda ndani ya karo kutokea chini, na hewa iliyokuwa juu yake, pamoja na gesi yote ya kinyesi, hutafuta pa kutokea. Karo lilikuwa limefunikwa zege bila bomba la hewa. Njia iliyobaki ni bomba linalotoka kwenye karavani, kupitia valvu iliyo wazi, ndani ya tangi.

Hata hivyo, tangi lina bomba lake la hewa. Gesi ingepaswa kupandia huko na kupeperukia juu ya minazi bila kumsumbua mtu. Tulipanda juu ya paa kutazama. Nyigu walikuwa wamelijaza udongo mpaka mdomoni, udongo mkavu, mgumu, wa miaka.

Tulirudi bamvua la mwezi mpevu, tukakaa chooni kusubiri saa kumi jioni, ambayo upande huu ndio wakati wa maji kujaa kwa bamvua. Tulikanyaga pedeli tukaacha kifuniko wazi, tukaning'iniza kipande cha karatasi ya tishu juu ya tundu. Kilikuwa kinapepea kwenda juu, taratibu, bila feni wala upepo, na harufu haikuhitaji kuulizwa. Msaidizi wangu alitaka kuwasha udi tuone moshi unavyokwenda. Nilimkataza: gesi ya karo inashika moto, na chumba kile hakina hata mita mbili za upana. Usiku maji yalipokupwa, karatasi ile ile ilikuwa inavutwa kuelekea chini. Karo lilikuwa linapumua.

Kubaki na tangi au kuling'oa

Kuna ushauri ambao mwenye eneo alishapewa na watu wengi: karavani haisafiri, ng'oa tangi, weka choo cha nyumba chenye shingo, yaishe. Si ushauri wa kupuuza. Sakafu iko kiasi cha sentimita 60 juu ya ardhi, nafasi ya shingo na mteremko ipo, na vipuri vyote vinapatikana kwenye masoko ya mjini, Darajani na Mwanakwerekwe.

Mimi sikuufuata, kwa sababu mbili. Choo cha udongo cha nyumba ni kizito kwa sakafu ya plaiwudi ya zaidi ya miaka 40, na hunywa lita 6 au zaidi kila kinapomwagwa, mahali ambapo maji matamu yanaletwa kwa boza. Na kubwa zaidi, shingo huzuia hewa tu. Bamvua kubwa likikutana na mvua ya masika, maji ya karo yenyewe yanaweza kurudi kwenye bomba, na hapo shingo haisaidii. Valvu inasaidia. Yaani kile kitu kilichokatwa mkono kwa kuonekana kikwazo ndicho kilichokuwa kinafaa zaidi kwa karo la ufukweni.

Mwenye eneo naye alikuwa na sababu yake, na sidhani kama ni ndogo: "Mgeni analipia karavani, fundi. Akitaka chumba cha bati hakosi kwengine."

Kazi

Saruji kwanza. Tuliipasua kwa tindo ndogo, punje kwa punje, maana chini yake kuna pete ya plastiki inayoshika choo na sakafu. Chini ya saruji plaiwudi ilikuwa nyeusi, unaichota kwa kidole. Saruji haikuziba chochote. Ilifungia unyevu ndani.

Maji yaliyoozesha sakafu hayakutoka chini ya choo bali nyuma yake, kwenye kidude cha plastiki kinachozuia maji ya bakuli yasinyonywe kurudi kwenye bomba safi. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kilivuja pale tu pedeli ilipokanyagwa, kwa hiyo mtu aliyeinama kutafuta uvujaji huku choo kimetulia asingeuona. Kilipasuka kwa sababu karavani ilikuwa imeungwa kwenye pampu ya kuongeza presha ya nyumba kubwa, bila kipunguza presha. Kila pampu ilipowaka, plastiki ile kongwe ilipigwa ngumi. Tuliitenga na pampu, tukaiunga kwenye tangi la maji lililo juu ya mnara wa mita 4. Presha yake ni kiasi cha 0.4 ya baa tu, na kwa choo hiki inatosha.

Kwenye kuunga ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Kiungo cha nusu inchi cha Marekani na cha kwetu, kinachofuata vipimo vya Kiingereza, vyote vina meno 14 kwa inchi. Vinaingiana mizunguko miwili au mitatu, mkono unakwambia vimekubaliana. Havijakubaliana. Jino la Marekani limekatwa kwa pembe ya digrii 60, la Kiingereza 55, na cha Marekani kinachongoka kuelekea mwisho. Ukizungushia tepu nyeupe nyingi ukakaza kwa spana, chuma kitavumilia kidogo, plastiki itapasuka. Tulitumia mpira wa kunyumbulika wenye wosha bapa ndani ya nati: unakaza kwa mkono, unamalizia na robo mzunguko wa spana, na kinachoziba ni wosha, si meno. Kuunganisha kwenye bomba la zamani la kopa hatukuhangaika nako. Kopa ya nusu inchi ya Marekani ina milimita 15.9 kwa nje, na viungo vya kubana vinavyouzwa hapa ni vya milimita 15. Tuliliacha, tukapitisha mpira mpya.

Sakafu iliyooza tuliikata kwa mraba mpaka kwenye plaiwudi nzima, tukaweka plaiwudi ya maji, kingo zote zimepakwa rezini kabla ya kufungwa. Rezini na kitambaa cha faiba tulichukua kwa mafundi wa boti, na ni wao waliotushauri tupake sakafu nzima ya choo na kupandisha faiba ukutani kimo cha kiganja. Ushauri mzuri. Waliotengeneza karavani hii hawakufikiria istinja. Walidhani mtu ataingia na karatasi na kutoka na miguu mikavu. Hapa patakuwa na mpira wa kunawia, maji yatamwagika chini kila siku, na plaiwudi isiyo na faiba itaoza tena kabla ya mwaka. Mpira wa kunawia tuliuwekea koki yake karibu na sakafu, ufungwe usipotumika.

Tangi lilikuwa na ufa, kazi ya ile nondo. Plastiki ya matangi ya aina hii huwa ni ABS, ngumu na nyeusi, na ubaya wake ndio uzuri wake: inayeyuka kwa asetoni. Unaokoteza vipande vya plastiki hiyo hiyo, unavikatakata ndani ya chupa ya kioo yenye asetoni, unaviacha usiku mmoja, asubuhi una uji mzito ambao ukikauka unarudi kuwa plastiki. Kizungumkuti ni kuipata ABS Unguja. Tuliipata kwa fundi pikipiki, kwenye rundo la maganda ya mbele yaliyovunjika. Si maganda yote yanafaa. Namna ya kujua ni kudondosha tone la asetoni juu ya kipande na kukigusa: kikinata kwenye kidole na kuacha alama, kinafaa, tone likikauka na kipande kikabaki kama kilivyokuwa, kitupe. Tulitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, tukasugua kwa msasa, tukapaka uji kwa tabaka na kubandika kiraka cha plastiki hiyo hiyo juu yake. Milango wazi wakati wote, sigara mbali.

Tundu la kutolea nalo lina kisa chake. Bomba la inchi 3 la Marekani lina milimita 88.9 kwa nje. Aliyetutangulia alichukua bomba la inchi 4, ambalo kwa kipimo ni milimita 110, akalichoma motoni, akalibana kwa koleo mpaka likafanana na kukaa, kisha akajaza silikoni. Kuchoma bomba sote tunakujua na mahali pengine kunafaa, lakini kiungo kile kilikuwa kinadondosha chini ya karavani, na gundi ya PVC isingekiokoa kwa sababu haikutengenezwa kushika ABS. Tuliweka kiungo cha mpira chenye klampu mbili za chuma kisichoshika kutu, upande mmoja bomba la Marekani, upande wa pili bomba la milimita 90. Tofauti ya milimita moja mpira unaimeza. Kinafunguka kwa bisibisi siku yoyote.

Valvu mpya haikupatikana hapa. Bahati nzuri valvu za inchi 3 za umbo hili bado zinauzwa Marekani, na matundu yake manne ya bolti yanalingana na ya zamani. Ilikuja pamoja na mpira wa kifuniko cha bakuli, ndani ya begi la jamaa wa mwenye eneo aliyekuwa anarudi likizo. Tulipokuwa tunaisubiri tuliulainisha uchafu wa tangi kwa maji na muda: jaza, acha usiku kucha, mwaga, rudia. Hakuna nondo. Chokaa iliyoganda kwenye kifuniko tuliitoa kwa siki nyeupe. Ile asidi kali ya kusafishia vyoo isisogezwe karibu na karavani. Ganda na fremu ni alumini, na asidi hiyo huila alumini.

Mpira wa kifuniko usipakwe grisi ya gari. Mafuta ya petroli huuvimbisha. Msimamizi alikuwa akiupaka mafuta ya nazi, ambayo hayadhuru haraka lakini hugeuka gundi na kukamata uchafu. Grisi ya silikoni, kidogo tu, basi.

Nyigu tuliwatoa kwa waya mrefu, kisha tukafunga mdomo wa bomba la hewa kwa wavu mwembamba. Na karo likapata bomba lake la hewa, inchi 4, limepanda juu ya kimo cha paa upande usioelekea karavani. Katika kazi yote hii bomba hilo ndilo lililokuwa rahisi kuliko vyote, na kama lingekuwapo tangu mwanzo nusu ya malalamiko ya harufu yasingekuwapo.

Kukitumia

Valvu sasa inakaa imefungwa. Maji ya istinja yanalisaidia tangi, kwa kuwa yanalainisha uchafu kuliko karatasi inavyoweza, lakini yanalijaza upesi. Tukichukua lita 5 kwa kila matumizi, maji ya kumwagia na ya kunawia pamoja, lita 70 ni matumizi 14. Wageni wawili watalijaza kwa siku mbili hivi. Msimamizi hasubiri lijae wala haliwahi mno; anasubiri lipite nusu kwa kiasi kizuri, lipate uzito wa kusukuma.

Na anachagua saa. Kumwaga tangi wakati bahari imejaa ni kumimina kwenye karo lililokwisha panda. Siku za bamvua maji hukupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, wakati kinamama wa mwani wameshashuka. Huo ndio wakati wake wa kuvuta valvu. Anaacha tangi lijimwage lote, anafunga, anarudisha ndoo moja ya maji safi ndani ili uchafu wa kwanza usiangukie pakavu. Mzee wa bustani ndiye anayemwambia kesho maji yatakupwa saa ngapi, simu haijahitajika.

Bamvua mbili zimepita baada ya valvu kufungwa na wageni hawajagonga mlango. Pedeli inarudi polepole kuliko inavyotakiwa, kwa sababu springi ni ile ile ya zamani na ya kulingana nayo haijapatikana.

Lililobaki ni karo, na hapo sikubaliani na mwenye eneo. Yeye anaona limeshapata bomba la hewa, kazi imekwisha. Lakini chini bado liko wazi juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo halichuji. Kinachoingia kinafika kwenye maji ya ardhini kama kilivyo. Kisima cha jirani hakiko mbali. Nimempa hesabu ya kujenga karo lililosakafiwa, lenye vyumba viwili, sehemu ya juu zaidi ya eneo lake. Amesema tuizungumze baada ya msimu wa wageni.